Akiba ya Mtandao

Mazungumzo ya leo ni ya walimu wa Kitui na Makueni, ila mzazi aliye karibu na redio asiondoke, kwa sababu baadhi ya gharama nitakazozitaja humfikia yeye pia, hata kama hajui.

Nianze na nyaya. Mwaka 2009 nyaya kubwa za mawasiliano zilizotandazwa chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilifika pwani ya Mombasa, na Kenya ikaanza kuachana na mtandao wa setilaiti uliokuwa ghali na wa kusuasua. Kutoka Mombasa kuja Nairobi, faiba ililazwa kufuata njia ile ile ya barabara kuu na reli. Hebu itaje miji ya njia hiyo: Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali, Sultan Hamud. Yote iko Makueni au mpakani mwake. Barua pepe za mabenki, mikutano ya mawaziri, filamu wanazotazama watu wa Kilimani usiku wa manane, sehemu kubwa ya hayo yote hupita chini ya udongo wa Makueni.

Sasa iache lami pale Kibwezi, panda bodaboda uelekee ndani kwa saa nzima, kisha muulize mwalimu wa Gredi ya 7 mtandao wao ukoje. Atakutoa nje ya darasa akuonyeshe mahali unapopatikana: pale karibu na tangi la maji, ukisimama kwa kuelekea milima ya Chyulu. Ukivuka mto Athi ukaingia Kitui, hali huwa ngumu zaidi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,136,187 Kitui na 987,653 Makueni. Idadi hizo hazipishani sana, lakini watu wa Makueni wamekaa kwenye kilomita za mraba 8,000 na kitu, na wa Kitui kwenye takriban 30,000. Kampuni ya simu husimamisha mlingoti penye wateja. Kule Tseikuru au Ngomeni, mlingoti mmoja utahudumia watu wachache na mbuzi wengi. Sensa hiyo hiyo ilionyesha kwamba katika Kenya nzima, Nairobi ikiwemo, ni asilimia 22.6 tu ya watu wa umri wa miaka mitatu na zaidi waliokuwa wakitumia intaneti.

Nayasema haya kwa sababu mwalimu wa Kitui akiitwa kwenye semina huonyeshwa tovuti za kupendeza, akaambiwa kwamba zote hazilipiwi. Ni kweli, mwenye tovuti hadai hata senti. Lakini bando ni la nani? Simu inayoonyesha video kwa watoto sitini ni ya nani, na ikizima saa nne asubuhi itachajiwa wapi? Mwalimu analipa bando kwa mshahara wake, anachaji simu kwa umeme wa dukani, na mwisho wa muhula anaulizwa kwa nini hatumii teknolojia. Kama shule inatumia mtandao wa kulipia, basi pesa hizo zimetoka kwenye mchango wa mzazi, na ndiyo maana nimemwomba mzazi asiondoke.

Rai yangu ni moja, na nitaitoa mapema ili mnaopinga mpate muda wa kujiandaa. Zana ya mtandaoni inayofaa darasa la Kitui na Makueni ni ile unayoweza kuipakua mara moja ukiwa mjini, ukaihifadhi, ukaitumia shuleni mtandao ukiwa umezimwa kabisa. Nyingine, hata ziwe nzuri vipi, ni za kutazama kwenye semina.

Watu wa Kitui hawahitaji kufundishwa jambo hili. Mito yao, Tiva, Thua, Nzeeu, hupitisha maji siku chache za mvua, kisha hukauka. Tangu katikati ya miaka ya 1990, wakazi wakishirikiana na shirika la SASOL wamejenga mabwawa ya mchanga zaidi ya 500 kwenye mito ya namna hiyo. Ukuta wa mawe na saruji hukatiza mto, mchanga hujaa nyuma yake, na maji hujificha ndani ya mchanga ambako jua haliyafikii. Mvua ikishakatika kwa miezi, kina mama bado wanachimba na kuchota. Mtandao wetu una tabia ya mito hiyo: unafurika ukiwa Kitui mjini, Mwingi au Wote, na ukifika shuleni umekauka. Tuujengee ukuta.

Kuna mambo mawili ya zamani ambayo wanaohubiri teknolojia shuleni huyasahau. La kwanza linahusu chombo hiki hiki unachonisikiliza nacho. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Kenya ilikuwa na mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa ya chini ya shule za msingi. Sauti ya redioni ilimuuliza mtoto swali, ikanyamaza kidogo, mtoto akajibu kwa sauti, ndipo redio ikamwambia jibu. Darasa zima lilikuwa likipiga kelele pamoja na redio. Mradi ulifanya vizuri kiasi kwamba watu wa nchi nyingine walikuja kujifunza mbinu hiyo. Kisha mwaka 1985 mfumo wa 8-4-4 ukaingia, silabasi ikabadilika, na kanda zile zikawa zinafundisha kitu ambacho hakimo tena kwenye mtaala.

La pili mnalikumbuka vizuri zaidi. Mwaka 2013 serikali ya Jubilee iliahidi kipakatalishi kwa kila mtoto anayeingia darasa la kwanza. Baada ya mivutano ya zabuni, mwaka 2016 vifaa vilianza kusambazwa, na hatimaye zaidi ya vifaa milioni 1 vilifika katika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000. Havikuwa vipakatalishi tena, vilikuwa vishikwambi vya watoto, pamoja na kompyuta mbili za walimu, projekta, na seva ndogo ya kuhifadhi masomo. Msikilizaji, hebu litazame hilo la seva. Waliobuni mradi huu walijua kwamba mtandao hautafika Kyuso, wakayaweka masomo ndani ya vifaa mapema. Hapo walifanya busara, na sijasikia mtu akiwapongeza kwa hilo. Walipokosea ni kwamba masomo yale yalitengenezwa kwa silabasi ya darasa la kwanza hadi la tatu ya 8-4-4, na Januari 2019 mtaala wa umilisi ukaanza kutumika nchi nzima kuanzia madarasa hayo hayo. Watu hulaumu wezi, hulaumu umeme, hulaumu walimu wakuu waliofungia vifaa stoo kwa kuogopa kuulizwa vikipotea. Lawama zote hizo zina ukweli wake. Lakini hata shule iliyovitunza vizuri ilijikuta na kabati zima la masomo yaliyopitwa na wakati.

Mara zote mbili, kilichokufa ni kile kilichofungwa kwenye silabasi. Kwa hiyo mwalimu anapochagua cha kuhifadhi, ningemshauri achague maarifa yasiyobadilika waziri akibadilika. Mkondo wa umeme hutiririka vilevile, iwe 8-4-4 iwe umilisi. Pembe za pembetatu hazijasikia habari za mageuzi ya elimu.

Nitoe mfano mmoja kwa kirefu. Chukua mwalimu wa Sekondari Msingi, hii JSS iliyoanza mwaka 2023 ndani ya maboma ya shule za msingi. Shule za msingi hazikuwahi kujengewa maabara, na sasa mwalimu huyu anatakiwa kufundisha sayansi kwa vitendo. Somo la leo ni saketi za umeme. Chuo Kikuu cha Colorado kule Marekani kina mkusanyiko wa majaribio ya kuigiza unaoitwa PhET, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwanafizikia aliyekuwa ameshinda Tuzo ya Nobel mwaka mmoja kabla. Kila jaribio ni faili ndogo. Unaipakua mara moja, kisha inafunguka kwenye kivinjari cha simu au kompyuta bila mtandao wowote. Katika jaribio la saketi, mtoto anavuta betri, balbu na nyaya kwa kidole na kuziunganisha. Saketi ikikamilika, balbu inawaka, na vijiduara vya buluu vinaonekana vikitembea ndani ya waya: hizo ni elektroni. Akiongeza betri ya pili vinakimbia. Akiunganisha ncha mbili za betri kwa waya mtupu, moto unalipuka kwenye kioo na darasa linacheka, lakini hakuna atakayesahau kwa nini fundi wa umeme huogopa nyaya mbili kugusana.

Hapa nataka kuwa mwangalifu, maana wapenzi wa teknolojia wangeishia hapo. Betri ya tochi na balbu yake zinapatikana katika duka lolote la Kyuso au Kathonzweni. Mwalimu asianze na simu. Aanze na betri halisi, waya halisi na balbu inayowaka mikononi mwa watoto, na wale waliokosea kuunganisha waone kweli kwamba haiwaki. Simu ije baadaye, kuonyesha kile ambacho macho hayawezi kuona, yaani kinachotembea ndani ya waya, na kile ambacho hatutaki watoto wajaribu kwa mikono, yaani moto. Mwalimu akigeuza mpango huo, akaonyesha picha tu, atakuwa amefundisha mchezo wa simu.

Makueni wana historia katika jambo hili, na si walimu wote vijana wanaoijua. Mwaka 1998 serikali ya Kenya na ya Japani zilipoanzisha mradi wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi, SMASSE, wilaya tisa ziliteuliwa kufanyiwa majaribio, na Makueni ilikuwa mojawapo. Walimu walifundishwa kubuni vifaa kwa vitu vilivyopo: chupa za plastiki zikawa bika, mifuniko ya soda ikawa ya kuhesabia, majani ya miti yakawa ya kupima asidi. Mwalimu aliyepita kwenye mafunzo yale hahitaji kuambiwa maana ya kutumia kilichopo. Faili ya PhET iingie kwenye sanduku lile lile la vifaa vya kubuni, ikae kando ya mifuniko ya soda.

Utauliza, simu moja na watoto sitini? Kwanza nenda stoo. Nasema hili bila kejeli. Zile kompyuta mbili za walimu zilizokuja na mradi wa serikali, pamoja na projekta, katika shule nyingi bado ziko kabatini, na kama moja tu inawaka, faili hizi zinaweza kufunguka juu yake. Kabla ya kuandikia mfadhili barua, omba ufunguo. Ikishindikana, gawanya darasa: makundi sita yafanye kazi sita tofauti na kundi moja tu liwe na simu kwa dakika kumi, kisha zungusha. Ni kelele, ndiyo, lakini ni kelele ya kazi.

Tena kuna ushahidi kwamba kifaa kimoja mahali panapofaa kinaweza kushinda vifaa mia. Utafiti mmoja uliofanyika Kaunti ya Kisumu na kuchapishwa mwaka 2016 ulilinganisha njia tatu katika ufundishaji wa kusoma madarasa ya chini: kuwapa watoto visomeo vya kielektroniki, kuwapa walimu vishikwambi, na kuwapa vishikwambi maafisa wa elimu wanaozunguka kusaidia walimu. Matokeo ya watoto hayakutofautiana kwa kiasi cha kuhesabika, na njia ya kuwapa maafisa ndiyo iliyokuwa na faida kubwa zaidi kwa pesa zilizotumika. Mpango wa Tusome ulipoenea nchi nzima kuanzia 2015, ulifuata njia hiyo. Afisa wa kanda, yule mnayemwita CSO, alikuja darasani Mutomo au Mbooni na kishikwambi chenye programu ya Tangerine, isiyolipiwa, akasikiliza watoto watatu wakisoma, akaandika, akamwelekeza mwalimu. Programu ile ilihifadhi kazi yake bila mtandao, na alipofika mjini ikatuma. Walimu wengine walimwona CSO na kishikwambi wakadhani ni upelelezi mpya wa TSC, tume ya walimu. Nawaelewa.

Makueni ilijaribu pia njia ya kinyume. Kuanzia 2015 hivi, mradi wa iMlango, uliogharamiwa na serikali ya Uingereza, uliweka mtandao wa setilaiti katika shule za msingi zaidi ya 200 za kaunti nne: Kajiado, Kilifi, Uasin Gishu na Makueni. Watoto walifanya hesabu kwenye kompyuta, programu ikimpimia kila mmoja kiwango chake, na mahudhurio yakirekodiwa kwa kadi. Ulikuwa mradi wenye akili, na programu ya kumfuata mtoto mmoja mmoja ni kitu ambacho mwalimu mwenye darasa kubwa hawezi kukifanya kwa chaki. Lakini dishi la setilaiti linadai malipo ya kila mwezi, na shule ya msingi ya umma, inayopokea mgao wa serikali kwa kuchelewa na kwa vipande, haiwezi kuyabeba mfadhili akiondoka. Mimi ningependa kila mradi wa namna hiyo uulizwe swali moja siku ya kuzinduliwa, mbele ya kamera: siku setilaiti itakapozimwa, kompyuta hizi zitakuwa na nini ndani?

Jibu lipo, na halilipiwi. Shirika la Learning Equality la California, lililoanzishwa mwaka 2013, linatoa programu ya Kolibri. Unaiweka kwenye kompyuta moja, unaijaza masomo unayoyataka ukiwa penye mtandao, kisha kompyuta hiyo inageuka kuwa kituo: vishikwambi au simu zilizo karibu zinaungana nayo kwa mawimbi ya wifi na kusoma kilichomo bila intaneti. Ndani yake unaweza kuweka video za hisabati za Khan Academy, majaribio yale ya PhET, hata katuni za hesabu za Ubongo Kids kutoka Dar es Salaam, za Kiswahili safi. Kwa shule ya sekondari yenye maabara ya kompyuta isiyo na mtandao, na ziko nyingi, sijui zana nyingine inayofaa kuliko hiyo. Kiwix inafanya kazi kama hiyo kwa kamusi elezo ya Wikipedia. GeoGebra, iliyobuniwa na Markus Hohenwarter huko Salzburg, Austria, mwaka 2001, inamwezesha mwalimu wa hisabati kuchora grafu na kuisogeza mbele ya darasa. Ikishawekwa kwenye simu haidai bando.

Zana zinazodai kila mtoto awe na simu yake, kama mashindano ya maswali ya Kahoot, ziacheni. Watoto wetu hawaruhusiwi simu shuleni, na raha ya mashindano hayo mtaipata kwa kukata manila vipande vinne, A, B, C na D, kila mtoto akainua jibu lake. Mwalimu ataona kwa jicho moja darasa zima limekosea wapi.

Hizi programu za akili unde zinazojibu kila swali, nazo walimu wengi wameanza kuzitumia kuandaa maswali na maazimio ya kazi. Ziwaandalie rasimu, sina ugomvi. Lakini zinajibu kwa ujasiri ule ule zikijua na zisipojua, na Kikamba chake kitamchekesha bibi yako. Mwalimu asiyejua somo hawezi kukagua rasimu hiyo, kwa hiyo inamfaa zaidi yule ambaye angeweza kufanya bila hiyo.

Tahadhari nyingine ni ya picha za watoto. Programu isiyodai pesa mara nyingi hudai taarifa: majina, umri, picha, namba za wazazi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Mwalimu anayepiga picha darasa lake likifurahia kishikwambi na kuituma Facebook ili mfadhili aone, afikirie kiasi hicho. Zana inayofanya kazi bila mtandao ina faida hii pia, kwamba jina la mtoto halitoki nje ya darasa.

Sasa, nani atapakua? Mwalimu wa Tseikuru hawezi kukaa mjini wiki nzima. Lakini anakuja mjini. Tangu TSC ianzishe TPAD mwaka 2016, walimu wamekuwa wakienda saiba kujaza fomu za kujitathmini, na baadhi yao waliufahamu mtandao kwanza kupitia fomu hizo. Safari hiyo hiyo ya TPAD itoshe kurudi na flashi iliyojaa. Mabwawa yale ya mchanga hayakujengwa na mtu mmoja, yalijengwa kwa mwethya, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, kila familia ikibeba mawe yake. Kanda moja ina shule kumi, kumi na tano. Shule moja ipakue sayansi, nyingine hisabati, nyingine hadithi, na kwenye mkutano wa kanda flashi zizunguke mezani. Wa Makueni wana bahati zaidi, kwa kuwa serikali ya kaunti yao ilifungua vituo vya habari vya jamii vyenye kompyuta na mtandao wa umma. Kwa Kitui, Chuo Kikuu cha SEKU pale Kwa Vonza kina wanafunzi wa ualimu na kina faiba, na kujaza flashi za shule jirani wakati wa likizo ni mazoezi mazuri kwa mwalimu mtarajiwa kuliko kunakili maazimio ya kazi ya mwaka jana.

Nimeiacha mwisho zana ninayoipenda zaidi, nayo haihitaji hata kompyuta darasani. Shirika la Saide la Johannesburg lilianzisha mwaka 2014 mkusanyiko wa hadithi fupi za watoto uitwao African Storybook. Hadithi zina picha, zimepangwa kwa kiwango cha usomaji, na ziko katika lugha zaidi ya 100 za Afrika, Kikamba kikiwemo. Sera ya elimu Kenya inasema mtoto wa chekechea hadi Gredi ya 3 afundishwe kwa lugha ya eneo lake. Muulize mwalimu wa Nuu au wa Kilungu ana vitabu vingapi vya hadithi vya Kikamba kwa ajili ya watoto hamsini, na akijibu zaidi ya vidole vya mkono mmoja, nitashangaa. Leseni ya hadithi hizi inaruhusu kuzipakua, kuzichapisha, kuzitafsiri na hata kuzirekebisha. Hilo la kurekebisha lina uzito Ukambani, kwa sababu Kikamba cha Kitui si kile cha Makueni. Mwalimu wa Mutito akikuta neno ambalo watoto wake hawalitumii, anaruhusiwa kuliondoa na kuweka lao. Kule kaskazini mwa Kitui, katika wadi ya Tharaka, watoto wanazungumza Kitharaka, na mwalimu wa huko anaweza kuchukua picha zile zile akaandika hadithi upya kwa lugha ya nyumbani kwao. Wafanye hivyo pamoja na nyanya mmoja wa kijiji, maana yeye ndiye atakayejua kama sentensi inatiririka.

Hapa ndipo ningewageukia magavana wawili. Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti elimu ya chekechea, na shule za msingi na sekondari zikabaki mikononi mwa serikali ya kitaifa. Kila mara tukiuliza kuhusu kompyuta za shule ya msingi, kaunti inatujibu kwamba hiyo ni kazi ya Nairobi, na kisheria haijakosea. Lakini madarasa mengi ya chekechea yamo ndani ya boma lile lile la shule ya msingi, na kitabu kikiingia darasa la chekechea hakimuulizi mtoto wa Gredi ya 2 ni wa serikali gani. Hadithi zipo tayari, na leseni inaruhusu kuchapisha. Hadithi kumi za kurasa kumi na mbili, nakala thelathini kwa kila darasa la chekechea: mkurugenzi wa elimu wa kaunti anaweza kupiga hesabu ya karatasi na wino leo alasiri, kabla ofisi haijafungwa.